Sabuni ya Shubiri na Mgomo wa Watoto Saba

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na tarehe yake ninayo: Jumatatu, tarehe 6 Septemba 1982. Siku hiyo, kabla umande haujakauka, watoto wachanga saba wa kijiji chetu, upande wa Kharumwa, walikuwa wamekataa kunyonya. Si mmoja, si wawili, saba. Walipewa ziwa, wakalionja, wakakunja nyuso kama wazee waliokaribishwa pombe iliyochacha, kisha wakageukia ukuta. Aliyewatia katika mgomo huo ni mimi ninayekuandikia, na nilikuwa na cheti.

Nianze na cheti hicho, kwa sababu ndicho kilichonipotosha. Sikupelekwa shule nilipokuwa mtoto. Baba yangu aliamini kwamba msichana akiweza kuhesabu ng'ombe wakirudi zizini amekwisha kuelimika. Nilijifunza kusoma mwaka 1977, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, katika darasa la elimu ya watu wazima, mwanangu wa kwanza Shija akiwa mgongoni akinivuta sikio. Nilipofaulu, nilikitundika cheti ukutani mahali ambapo wenzangu hutundika picha ya harusi, na tangu hapo sikwenda popote bila daftari. Niliandika siku ng'ombe alipozaa, siku mvua ilipoanza, hata siku mume wangu aliponinunia na saa aliyoacha kununa.

Mume wangu, Baba Shija, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mizaha. Alikwenda kuchimba dhahabu kule Geita kwa miaka miwili akarudi na koleo tu, akasema koleo ndilo lililokuwa la dhahabu ila limechuja. Kuhusu daftari langu alikuwa akisema, "Siku nikifa, mke wangu, utaandika kwanza ndipo ulie." Alipofariki, nakiri, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nije kwenye sabuni. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu kuliko mgeni wa heri. Ikifika duka la kijiji, foleni ilianza kabla ya jogoo, na mara nyingi iliishia kwa watu watano wa mbele. Tulifulia majani ya mpapai. Ndipo sisi wanawake tukaunda kikundi, tukamwendea Mayu Nkwimba atufundishe. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo tunavyomwita kila mwanamke mwenye heshima yake. Alikuwa mjane mzee asiyejua herufi hata moja, lakini alikuwa amepika sabuni ya mshubiri tangu enzi ambazo kijijini hakukuwa na kalenda. Moshi na mvuke wa majivu wa miaka arobaini ulikuwa umemwachia macho mekundu yasiyokauka machozi. Hicho ndicho kilichomfanya atafute mrithi. Alikuwa na sufuria moja kubwa ya shaba ambayo wanawake wote waliitazama kama wanaume wanavyotazama fahali, na alikuwa ametangaza kwamba atakayeweza kazi ataichukua, na ndiye atakayekuwa mpishi wa sabuni wa kikundi.

Niliitaka sufuria ile, mwanangu. Niliitaka kuliko nguo.

Mayu Nkwimba alitufundisha Jumamosi tatu za Julai. Alichoma mabua ya pamba, akachuja maji katika majivu yake, na ili kuyapima ukali aliweka yai ndani yake: likizama, maji bado ni mepesi, likielea na kuonyesha upara wenye ukubwa wa shilingi, yamefika. Alikoroga maji hayo na mafuta ya ng'ombe juu ya moto mdogo mpaka mwiko ukaacha njia nyuma yake, akatia chumvi ili sabuni igande, na mwisho akatia ute wa mshubiri, unaolainisha ngozi. Yote hayo niliyaandika kwa vipimo. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo sikuliona kuwa jambo. Siku moja kabla ya kupika, alikata majani sita ya mshubiri, akayasimamisha ndani ya karai, upande uliokatwa ukiwa chini, kisha akajifuta mikono na kwenda zake.

"Mayu, haya majani yanangoja nini?" nilimwuliza.

"Yanangoja kesho."

Nikaandika katika daftari: *mapumziko*.

Kesho yake alimwaga ndani ya kopo maji ya njano yaliyokuwa yamechuruzika ndani ya karai, akalifunika vizuri, ndipo akamenya yale majani na kutumia ute mweupe peke yake. Maji yale ya njano ndiyo shubiri yenyewe. Kila mtoto wa kwetu huijua kabla ya kujua jina lake, kwa maana ndiyo ambayo mama huipaka kwenye ziwa siku anapotaka kumwachisha kunyonya. Akiionja mara moja, anaomba ugali mwenyewe. Nilipoona namna Mayu Nkwimba alivyolifunika lile kopo, nilijiambia kwamba ajuza huyu anatugawia maganda na kujiwekea kiini. Dawa ni uchungu. Sasa kwa nini uchungu autie koponi? Waliosema kuuliza si ujinga walisema kweli, lakini mtu mwenye cheti kipya huona kuuliza ni kukirudisha.

Mwishoni mwa mwezi wa Julai alinichagua mimi nijaribiwe. Nipike mara moja peke yangu. Wanawake wakiisifu sabuni, sufuria ni yangu.

"Nije nikutazame?" aliniuliza.

"Pumzika, Mayu. Nimeyaandika yote."

"Hata yale niliyoyanyamazia?"

"Yaliyonyamaziwa hayaandikiki, Mayu."

Alinitazama kwa yale macho yake mekundu, akacheka kidogo, akaondoka. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi tende langu nilikuwa nalo tayari, nalitafutia kiatu tu.

Nilipika Jumamosi ya tarehe 14 Agosti. Sikusimamisha jani hata moja. Badala ya majani sita nilichukua kumi na mawili, nikayatwanga mazima kinuni pamoja na maganda na utomvu wote wa njano, nikayamimina. Sufuria ilibadilika rangi mbele ya macho yangu, ikawa nyekundu ya kahawia. Nikafurahi, nikidhani hiyo ndiyo rangi ya nguvu. Baba Shija alichungulia, akasema, "Hii naijua. Ndilo tope la duara letu kule Geita." Duara ndilo jina wachimbaji walilolipa shimo la dhahabu. "Sisi tulilichimba miezi minane," akaongeza, "halikututoa kitu."

Sabuni ilipoganda niliikata vipande, nikaianika kivulini kwa siku ishirini na moja kamili. Kosa langu, mwanangu, halikuwa la kalenda.

Jumamosi ya tarehe 4 Septemba tukaigawa. Kikundi chetu kilikuwa na utaratibu kwamba wenye watoto wachanga hupewa kwanza, kwa sababu ndio wenye nepi nyingi na maji mengi ya kuoga. Walikuwa saba, wa kwanza akiwa wifi yangu Kabula, dada wa mume wangu, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne. Mayu Nkwimba alinisindikiza nyumba kwa nyumba, na kila tulipoingia alimpakata mtoto na kumwimbia. Wanawake waliinusa sabuni, wakaipaka mikononi, wakasifu povu lake. Nilirudi nyumbani nikapima kwa macho mahali nitakapoiweka sufuria.

Sabuni ikatumiwa Jumapili. Jumatatu asubuhi Kabula alikuwa mlangoni kwangu, mtoto akilia begani.

"Mwangaluka, wifi," nilimwamkia kwa Kisukuma, kumwuliza kumeamkaje.

"Hakujaamka vizuri. Mtoto hataki ziwa. Tangu jana jioni nampa, ananitema kama anatema mbegu ya limau."

"Labda ana homa."

"Homa ya nini? Maziwa ya ng'ombe ya kijiko anakunywa mpaka anapiga chafya. Ni mimi asiyenitaka. Na mtoto wa jirani vivyo hivyo, na wa ng'ambo ya mto vivyo hivyo. Wewe uliyesoma, hakuna mahali walipoandika habari hizi?"

Nilipekua daftari langu mbele yake kwa uso wa daktari. Hakukuwa na kitu.

Mchana huo nilinawa kwa kipande changu mwenyewe, nilichokuwa nimejiwekea kwa fahari, nikamnawisha na mume wangu kwa hicho hicho, tukakaa kula. Baba Shija alikata tonge, akachovya katika mlenda, akatia kinywani, akaacha kutafuna. Alinitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Mama Shija," alisema taratibu, "huu mlenda unauachisha kunyonya?"

Alikuwa anatania. Mimi nilionja vidole vyangu, vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine, na nilipofika kidole cha tatu nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu: karai, majani yaliyosimama, kopo lililofunikwa vizuri ili watoto wasilifikie. Mayu Nkwimba hakuwa akificha kiini. Alikuwa akitulinda nacho.

Hapo, mwanangu, ndipo penye kosa langu kubwa. La sabuni lilikuwa dogo. Ningetoka mlangoni nikasema, "Ni sabuni yangu," mambo yangekwisha kabla ya jioni. Lakini ningesema hivyo, ningeiaga sufuria. Kwa hiyo nilitafuta ukweli wa nusu. Nilipita kwa wale mama saba nikiwa na daftari kwapani, nikawaambia kwamba imeandikwa, mtoto akikataa ziwa, mama na aoge vizuri kwa maji ya moto mara tatu kabla ya kunyonyesha. Sikusema imeandikwa wapi. Sikusema waoge bila sabuni, kwa maana wangeniuliza kwa nini.

Wakanitii. Walichemsha maji, wakaoga mara tatu, wakajisugua kama sufuria za harusi, wote saba, kwa sabuni yangu.

Siku ya Jumanne, tarehe 7, watoto hawakukataa ziwa peke yake. Wengine walilia wakiona mama zao wakifungua vifungo. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano katika ghala la pamba saa nne asubuhi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kunyamaza kwa heshima. Mkutano ulizunguka kwenye maji ya kisima, ukapita kwenye upepo, kisha mwanamke mmoja wa nyuma akauliza swali kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini inayosikika ghala zima.

"Nani alimpakata kila mtoto siku ya Jumamosi?"

Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea mlangoni.

"Mwenye macho gani?" akaendelea.

Wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui uzito wa maneno hayo. Kwetu, macho mekundu ya mwanamke mzee yameshasababisha vifo, na aliyekufa ni yule mwenye macho, akidhaniwa mchawi. Mayu Nkwimba alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na mlango, na nilimwona akiinamisha kichwa na kuyafuta machozi kwa pindo la kanga, yale machozi ya moshi ambayo alikuwa akiyafuta siku zote. Lakini asubuhi ile watu walimtazama akiyafuta kana kwamba hawajawahi kuyaona. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kusimama.

Nikasimama na mimi. Miguu yangu haikupenda.

"Ni mimi," nilisema. "Ni sabuni. Nimetia shubiri nzima nzima, pamoja na utomvu. Mlichowapa watoto ni ziwa lililopakwa shubiri, nami nimejua tangu jana mchana nikanyamaza."

Nilidhani ghala litaniangukia. Badala yake Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. Alikuwa mtu mrefu, mpenda hotuba, aliyesimamia darasa letu mwaka 1977.

"Mama Shija," alisema, "tunajua unampenda mwalimu wako. Usijitwike mzigo usio wako. Wewe una cheti. Mtu mwenye cheti hawezi..."

Ona, mwanangu, mahali kiburi kinapomfikisha mtu: nilikuwa nimejijengea jina kubwa hata ukweli wangu mwenyewe haukuweza kuliruka. Nikatoa kipande cha sabuni mfukoni, nikaomba maji, nikamnawisha Mwenyekiti mikono yote miwili mbele ya mkutano, nikamsuuza mara mbili.

"Lamba kidole, Mwenyekiti."

"Katika mkutano halali?"

"Halali kabisa."

Akalamba, akiwa bado na nusu ya sentensi kinywani. Midomo yake ikakusanyika katikati ya uso kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Alijaribu kuendelea na sentensi, haikutoka. Akajaribu tena. Akaketi. Ulikuwa mkutano pekee aliowahi kuuendesha bila hotuba ya kufunga, na wapo walioninong'oneza baadaye kwamba kwa hilo peke yake nilistahili shukrani.

Ikawa kila mtu anataka kuonja. Walinawa, wakalamba, wakatema nje ya mlango kwa mstari, na wale vijana wawili waliokuwa wamesimama walilamba vidole kuliko wote na kurudi kukaa bila kuangalia mtu. Yule mwanamke wa nyuma alionja mwisho. Alitoka na kupita mbele ya Mayu Nkwimba, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, Mayu," na Mayu akaitikia, "Marahaba," kwa sauti kavu kama bua la pamba.

Kabula alikuja akasimama mbele yangu.

"Wifi, mwanangu ana miezi minne," alisema. "Ulikuwa na haraka gani naye? Ulitaka aanze lini kulima?"

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe akinyonya. Kabla ya hapo usinisemeshe."

Mayu Nkwimba aliinuka kwenye gunia lake. Hakunigombeza kwa sauti; alizungumza na wale mama saba kwanza. Akawaambia wajioshe kwa maji ya uvuguvugu matupu, wajipake samli kidogo, wasubiri, kisha wampe mtoto bila kumbembeleza, kwa maana mtoto akibembelezwa anajua kuna jambo. Ndipo akanigeukia.

"Jana mchana ulijua," alisema.

"Nilijua, Mayu."

"Ukaniacha nikaja hapa kwa miguu yangu."

Hilo tu. Nimepigwa fimbo nilipokuwa mtoto, nimefiwa, nimeibiwa ng'ombe. Sijawahi kusikia maneno yaliyoniingia kama yale. Nililia mbele ya kijiji kizima, na safari hiyo sikuandika kwanza.

Kabla ya saa tisa mtoto wa Kabula alikuwa ameshika ziwa na kulifinyanga kama mtu anayedai haki yake ya siku mbili. Mmoja baada ya mwingine wakarudi, na ilipofika jioni mgomo ulikuwa umevunjika wote. Vipande vyangu havikutupwa. Wenye watoto wa miaka miwili na mitatu waliokuwa wamekataa katakata kuachishwa walivigombea, na Baba Shija alizunguka kijijini akitangaza kwamba mke wake ametengeneza sabuni yenye shule ya awali ndani yake.

Sufuria ilipewa Kabula. Ndiyo, wifi yangu, ambaye hakuwa akijua kuandika jina lake. Mimi nilipangiwa kazi moja: kukata majani ya mshubiri, kuyasimamisha karaini, na kukaa nayo mpaka tone la mwisho la njano lidondoke. Nilikaa nayo kila wiki tangu Septemba ile mpaka Septemba ya mwaka 1983. Nilijifunza kwamba jani lililokatwa asubuhi hudondosha utomvu haraka kuliko lililokatwa jua la mchana likiwaka, kwamba utomvu ukibadilika rangi umekaribia kwisha, na kwamba Mayu Nkwimba, ukikaa karibu naye bila kumuuliza kitu kwa muda wa kutosha, husimulia mambo ambayo hajawahi kumsimulia mtu. Aliishi miaka tisa zaidi. Alikufa kitandani mwake, kwa uzee, akiwa na watu wamemzunguka, na macho yake mekundu niliyafumba mimi kwa mkono wangu.

Sasa nikupe lililo lako, mwanangu. Ukijifunza kazi kwa mtu, chunga hasa pale anaponyamaza. Pale mikono yake inapofanya jambo ambalo kinywa hakikulitaja, uliza, hata kama umevaa nguo za kuhitimu. Hiyo ndiyo nasaha ndogo. Kubwa ni hii: ukikosa, likiri kosa lako lote, siku ile ile, kwa jina lake, kwa wale wale uliowakosea. Usikiri nusu. Nusu ya ukweli nilikwenda nayo kwa nyumba saba, ikawazidishia watoto njaa, na karibu imponze mama wa watu ambaye hakuwa na kosa ila uzee wake. Mficha maradhi kilio humwumbua. Lakini mficha kosa, mara nyingi, anayeumbuliwa ni jirani. Aibu yako ukiibeba mwenyewe utaona ni nyepesi. Ukiiacha njiani, ataiokota asiyeweza kuibeba.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kusema, "Ni mimi." Akupe mwalimu mwenye subira kuliko wewe, na wifi atakayekununia siku moja tu. Akuzungushie watu watakaokucheka usoni kisha wakusogezee sahani. Na siku utakayokosa, maana utakosa, akuamshe usimame kabla ya wale vijana wawili. Amina, mwanangu. Nenda salama.